Tulianza matembezi ya mizimu tukiwa 13, ndani ya baa tukawa 14: huyo mmoja alikuwa nani?

#1 Mwalimu wa Section 58
Hamjambo wanajukwaa. Novemba iliyopita nilikwenda London kumtembelea dada yangu, ambaye ni muuguzi huko, naye akatulipia sote wawili pauni 15 kila mmoja ili tujiunge na matembezi ya jioni ambayo kiongozi wake, aliyevaa koti refu jeusi na kushika taa ya kandili, huwapitisha watu mahali panaposemekana kuwa na mizimu, na baada ya kila hadithi mbili tatu kundi huingia baa, kila mtu akajinunulia kinywaji chake kaunta, kisha safari ikaendelea. Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshatanda kama la saa mbili kwetu.

Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 19. Wanafunzi wanapopelekwa Ziwa Nakuru, ndiye mimi ninayesimama langoni na kuhesabu vichwa, na sijawahi kurudi na mtoto pungufu wala wa ziada. Kwa hiyo tulipokusanyika nje ya kanisa la St Sepulchre nilihesabu kwa mazoea: watu 13 bila kiongozi. Tulipoketi katika baa ya pili, Viaduct Tavern, nikahesabu tena, tukawa 14. Wa kumi na nne alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la kahawia, ameketi pembeni na bia yake. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa. Tulipotoka tulikuwa 13, na ile glasi ilikuwa bado imejaa hadi ukingoni. Dada yangu anashikilia kwamba hakumwona mtu huyo kabisa.

Nauliza mambo mawili. Mnafikiri yule alikuwa nani? Na je, matembezi ya aina hii yakianzishwa hapa Nakuru, mngejiunga?

#2 Binti Menengai
Mwalimu, tueleze vizuri ni London ipi. Kama ni huu mtaa wetu wa hapa Nakuru wenye jaa la Gioto, basi mzimu ulioketi na bia isiyonyweka ni wa kawaida sana, na aghalabu huwa anasubiri mtu wa kumlipia.

#3 Fundi wa Mitambo
Kabla hatujaenda mbali, Mwalimu, ulijihesabu? Kuna yule mtu wa ngano ambaye akihesabu punda wake huku amempanda mmoja anakosa mmoja, na akishuka anawapata wote. Inawezekana kanisani ulijisahau, na ndani ya baa, baada ya glasi moja, ukajikumbuka.

#4 Mwalimu wa Section 58
Nilijihesabu mara zote mbili, tena nilianza na mimi mwenyewe, na baada yangu dada yangu. Isitoshe, kiongozi naye alihesabu kwa sauti tulipokuwa tukivuka barabara kuingia baa, na akasema 13. Kuhusu glasi, katika baa ya kwanza nilikunywa nusu ya bia, na katika ya pili nilikuwa sijaonja.

#5 Mzee wa Mbale
Mwalimu, mimi sitakuuliza ulikunywa nini. Nitakuuliza ni nani aliyekufundisha kuhesabu watu usiku. Bibi yangu hakukubali watoto wake wahesabiwe kama mbuzi. Ukimwuliza ana wajukuu wangapi, anakutajia majina mmoja mmoja hadi uchoke. Alisema ukitaja idadi, kuna masikio yanayosikia, na idadi hiyo itaongezwa au itapunguzwa. Nyinyi mlihesabiwa kwa sauti, barabarani, usiku, mbele ya mahali walipokufa watu wengi. Mliongezewa mmoja. Shukuruni kwamba hamkupunguziwa.

La pili ni hilo la kinywaji. Nyumbani, busaa ilipokuwa tayari na wazee wameketi kuzunguka chungu na mirija yao, babu alimwaga kidogo chini kabla ya mtu yeyote kuvuta. Hakuwa akifanya maonyesho. Waliotangulia walipewa chao, ndipo walio hai wakapata chao. Sasa hao wa London wanapita kwenye milango ya marehemu wakiwasimulia kwa kicheko, wanaingia kunywa, na hawamwagi hata tone. Huyo wa koti la kahawia alikuja kudai haki yake, na kwa kuwa hakuna aliyempa kwa hiari, hakuweza kuinywa.

#6 Mvuvi wa Dunga
Mzee wa Mbale amenigusa, maana ziwa la Simbi Nyaima limetokana na jambo hilo hilo. Watu wa kijiji walikuwa kwenye karamu ya pombe, akaja kikongwe mgeni akiomba mahali pa kujisitiri na chakula, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, naye akaambiwa aondoke na watu wake. Usiku ule mvua ilinyesha, na kijiji kikazama na walevi wake wote. Jina lenyewe maana yake ni kijiji kilichozama. Kwa Mjaluo, mgeni usiyemjua anayekuja mahali pa pombe si wa kuamkiwa tu, anasogezewa kiti.

Lakini kuhusu kulipa ili kuona vitu vya usiku, hapo nacheka. Huku Kisumu jajuok, yaani mchawi anayekimbia usiku, atakuja mwenyewe mlangoni, atakurushia mchanga juu ya mabati na kusugua mlango wako kwa makalio, na hatadai senti.

#7 Karani Mstaafu
Naomba kusahihisha moja dogo ili wageni wasipotee: Simbi Nyaima haiko Kisumu. Iko karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, na wanajiolojia husema ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano.

#8 Mvuvi wa Dunga
Sikusema iko Kisumu, Karani. Nilisema mimi niko Kisumu. Na hao wanajiolojia hawakualikwa kwenye karamu ile, kwa hiyo hawawezi kuwa mashahidi.

#9 Muuguzi wa Zamu
Mimi naona jambo la afya. Majengo ya zamani katika nchi za baridi yana moto au majiko ya gesi ndani, na madirisha yamefungwa. Kuna kisa cha familia moja kilichochapishwa mwaka 1921 katika jarida la madaktari wa macho la Marekani: walisikia nyayo, wakaona watu wasiowajua chumbani, watoto wakadhoofika, hadi ilipogunduliwa kwamba tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu na hewa ya kaboni monoksaidi ilikuwa ikiwajaa ndani. Hapa kwetu tunaijua hewa hiyo kwa njia mbaya zaidi, kila Julai mtu anapoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Mwalimu, je, kichwa kiliuma?

#10 Mwalimu wa Section 58
Hakikuuma, dada. Na tulikaa mle kama dakika 25 tu, mlango ukifunguliwa kila mara na wateja.

#11 Fundi wa Mitambo
Basi nina jibu jingine la kitaalamu. Mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy wa Coventry aliandika makala pamoja na Tony Lawrence kuhusu maabara aliyofanyia kazi, ambamo watu waliingiwa na baridi na woga bila sababu, na yeye mwenyewe usiku mmoja akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake, ambalo lilitoweka alipogeuka kulitazama. Siku iliyofuata alikuwa amebana upanga wa mchezo wa kitara kwenye jiliwa ili aufanyie kazi, akauona ukitikisika wenyewe. Alipofuatilia, akakuta feni mpya iliyofungwa kwenye jengo inatoa mtetemo wa takriban mara 19 kwa sekunde, ambao sikio la mtu haliusikii. Feni iliporekebishwa, mzimu ukahama. Baa ina majokofu, pampu za bia na feni za kutolea moshi, tena ile ya Mwalimu inapitiwa na magari mazito nje. Simshangai kuona mtu.

#12 Binti Menengai
Fundi, umbo la kijivu pembeni mwa jicho nalikubali. Ila hilo la Mwalimu lilikuwa na koti, rangi ya koti, bia, na adabu ya kuitikia salamu. Feni gani hiyo yenye malezi mema namna hii?

#13 Wakili Asiye na Kesi
Wote mmeruka maelezo mepesi kuliko yote, nayo ni kwamba mtu huyo aliwekwa. Biashara ya mizimu na biashara ya pombe zimelala kitanda kimoja tangu zamani, na ushahidi uko hatua chache tu kutoka kwenye baa aliyoketi Mwalimu. Kuna kichochoro kiitwacho Cock Lane. Mwaka 1762 ilidaiwa kwamba katika nyumba moja hapo mzimu wa mwanamke aliyefariki ulikuwa ukigonga na kukwaruza karibu na kitanda cha msichana aitwaye Elizabeth Parsons, ukimtuhumu mwanamume aliyekuwa ameishi na marehemu kwamba alimpa sumu. Mji mzima ukamiminika. Mwandishi Horace Walpole alikwenda huko usiku pamoja na mdogo wake mfalme, akaandika kwamba vilabu vyote vya pombe vya jirani vinatajirika. Mwanazuoni Samuel Johnson naye alikuwa katika kamati iliyochunguza, wakashuka hadi kwenye kaburi kusikiliza mzimu uliokuwa umeahidi kugonga jeneza, wasisikie kitu. Msichana alikuja kukutwa ameficha kipande cha ubao. Baba yake, William Parsons, alihukumiwa kusimamishwa hadharani shingo na mikono ikiwa kwenye ubao mara tatu, na kufungwa miaka miwili.

Kwa hiyo, Mwalimu, uliza kwanza ni nani aliyefaidika. Wewe umerudi Nakuru na sasa unawatangazia biashara yao bure.

#14 Mwalimu wa Section 58
Cock Lane tulipitishwa, na kisa hicho tulisimuliwa, ingawa kiongozi aliishia kwenye kugonga na hakufika kwenye ubao wala kifungo. Asante Wakili kwa kunimalizia.

Lakini kama mtu huyo alikuwa mwigizaji, mbona kiongozi hakumtumia? Hakumwonyesha, hakumtaja, hakutuuliza kama tumeona lolote. Mwigizaji asiyeonwa na yeyote ila mwalimu mmoja kutoka Nakuru ni hasara tupu. Kitu ambacho kiongozi alisisitiza ni vyumba vya chini ya baa ile, ambavyo alisema vilikuwa seli za gereza la Newgate, na kwamba wateja wa baa walitazama watu wakinyongwa kupitia madirisha yale yale tuliyoketi karibu nayo.

#15 Karani Mstaafu
Hapo sasa kiongozi wenu aliwauzia mbuzi kwenye gunia. Watu walinyongwa hadharani nje ya Newgate tangu 1783, na wa mwisho, Michael Barrett, alinyongwa tarehe 26 Mei 1868. Baa ile ilifunguliwa 1869. Hakuna mteja wake aliyewahi kumtazama mtu akining'inia, labda kama alikuja kukaa mwaka mmoja kabla haijafunguliwa. Gereza lenyewe lilikuwa ng'ambo ya barabara, mahali palipo na mahakama ya Old Bailey iliyofunguliwa 1907. Vile vyumba vya chini vyaweza kuwa ghala za mapipa tu.

Kuna mambo ya kweli mahali hapo ambayo yanatosha kumnyima mtu usingizi bila kuongezewa chumvi. Katika kanisa mliloanzia kuna kengele ya mkono, na mwaka 1605 mfanyabiashara Robert Dowe alitoa pauni 50 ili mtu aipige usiku wa manane nje ya seli za waliohukumiwa kunyongwa asubuhi, awakumbushe kutubu. Hebu mfikirie mtu anayejaribu kulala. Na kwenye kona ya Cock Lane, palipo na sanamu ndogo ya mtoto wa dhahabu inayoonyesha ulipokomea moto mkubwa wa 1666, palikuwa na kilabu kilichoitwa Fortune of War, ambapo wezi waliofukua maiti makaburini walizilaza ili madaktari wa hospitali ya jirani waje kuchagua. Kilibomolewa 1910.

#16 Mama Kaptembwo
Karani, maiti zinalazwa ndani ya baa na watu wanaendelea kunywa? Halafu sisi ndio tunaoambiwa tuna mambo ya kutisha.

#17 Karani Mstaafu
Ndivyo inavyosimuliwa, mama. Inasemekana zilipangwa kwenye mabenchi katika chumba kimoja, zikiwa na majina ya waliozileta.

#18 Mzee wa Mbale
Mmeona? Maiti imefukuliwa, ikalazwa kilabuni, ikauzwa, isizikwe tena. Mtu wa namna hiyo anaenda wapi jioni, kama si kurudi kilabu cha karibu kilichobaki? Karani anaposahihisha tarehe anazidi kunisaidia.

#19 Wakili Asiye na Kesi
Mzee, kwa mantiki hiyo kila mteja asiyemaliza bia yake ni maiti. Baa za Nakuru zingefungwa.

Turudi kwenye swali la pili la Mwalimu, ambalo mmelikwepa. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka saa za baa kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa wiki. Kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kwa hiyo una saa nne za giza pamoja na baa zilizo wazi, na hizo zinatosha baa tatu na hadithi sita. Tatizo langu si sheria. Tatizo ni kwamba kundi la watu 14 waliolewa, wakimfuata mtu mwenye kandili kando ya reli, polisi watawachukulia kuwa nini?

#20 Binti Menengai
Nani amesema kando ya reli? Mimi ningeanzia ukingoni mwa shimo la volkano la Menengai jua linapozama, mahali ambapo wazee wa Kikuyu walipaita Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu. Husimuliwa kwamba Wamaasai wa Ilpurko waliwashinda wa Ilaikipiak huko katika karne ya 19 na kuwatupa mashujaa wao shimoni, na kwamba ule mvuke unaofuka chini ni roho zao zinazotafuta njia ya kupanda juu. Kutoka hapo tungeshuka mjini kwa gari, tuingie baa ya kwanza tukiwa bado tunatetemeka, na ya mwisho iwe karibu na kasri la yule mlowezi Mwingereza, Lord Egerton, kule Ngata, tusikilize mwanamke anayesemekana kujengewa kasri hilo akalikataa akilia vyumbani.

#21 Karani Mstaafu
Huyo mwanamke hawezi kulia katika nyumba ambayo hakuwahi kuishi. Simulizi yenyewe inasema aliikataa. Egerton alianza kujenga kasri 1938, likamalizika 1954, na akafariki 1958 bila kuoa. Inasimuliwa pia kwamba hakutaka kuona mwanamke kwenye ardhi yake. Kama kuna mzimu mle, ni wake mwenyewe, na wewe, Binti, hungekaribishwa.

#22 Mama Kaptembwo
Mimi ningejiunga kwa sharti moja, kwamba baa ziwe na choma. Hadithi za wafu kwa tumbo tupu ndizo zinazozaa mtu wa kumi na nne.

Ila ukweli nauogopa. Huko London waliokufa 1868 hawana mjukuu anayekaa meza ya pili. Hapa ukisimama mbele ya jengo na kusema kuna aliyefia ndani, mama yake anauza mboga hapo nje. Ndiyo maana nadhani wenzetu wanaweza kucheka na sisi hatuwezi, bado.

#23 Mvuvi wa Dunga
Hilo la Mama Kaptembwo lina uzito. Hapa Kisumu ningeweza kukupeleka ufukweni nikakuonyesha mahali ambapo mashua ya binamu yangu ilipatikana bila yeye. Sitakupeleka kwa pauni 15. Kwenye yale mawe makubwa ya Kit Mikayi nitakupeleka, maana yule mume wa hadithi aliyeshinda kwenye mawe na kuyafanya mke wake wa kwanza hana wa kumlilia leo.

#24 Mwalimu wa Section 58
Jamani, kuna jipya. Nilimwandikia dada yangu, naye amenitumia picha aliyoipiga kwenye meza yetu ndani ya baa. Yeye ndiye aliyeshika simu, kwa hiyo kati ya sisi 13 wanapaswa kuonekana 12. Nimehesabu vichwa mara nne. Ni 13. Kiongozi hayumo, maana wakati huo alikuwa nje akivuta sigara.

#25 Fundi wa Mitambo
Baa hiyo inajulikana kwa vioo vyake vikubwa vya enzi ya Malkia Victoria. Mmoja wenu amehesabiwa mara mbili, uso kwenye meza na uso kwenye kioo. Tazama kama kichwa cha kumi na tatu kiko juu kidogo kuliko vingine, na kama nywele zimechanwa upande wa pili.

#26 Mwalimu wa Section 58
Kiko juu kidogo, Fundi, na kioo kipo nyuma yake. Lakini hakuna yeyote kwenye meza aliyevaa kahawia.

#27 Wakili Asiye na Kesi
Basi ni mteja wa kawaida aliyekuwa amesimama kaunta, kioo kikamleta mezani kwenu. Nafunga kesi.

#28 Mzee wa Mbale
Wakili, kesi hufungwa na aliyefungua. Mwalimu, katika picha hiyo, mbele ya huyo mtu kuna nini mezani?

#29 Mwalimu wa Section 58
Glasi. Imejaa.

#30 Binti Menengai
Ya kwako, Mwalimu. Katika #4 ulisema katika baa ya pili ulikuwa hujaonja.

#31 Mwalimu wa Section 58
Yangu naiona kwenye picha, iko mkononi mwangu.

#32 Mama Kaptembwo
Mimi nimetoka kwenye uzi huu hadi kupambazuke. Wanaotaka kwenda Menengai Jumamosi waandike majina yao hapa chini. Majina tu, tafadhali, asitokee mtu wa kuyajumlisha.